Naomba ushauri: siri ya riwaya yangu ifichuke sura ya ngapi?

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaandika riwaya ya mapenzi yenye taharuki, inayoanzia Mwanza baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996. Mhusika wangu mkuu, mjane ambaye matanga yamekwisha na mchumba mwingine amekwisha kuleta posa, anakuta chini ya sanduku la mama mkwe wake tiketi ya safari ile ambayo haijachanwa, na nyuma yake, kwa mwandiko wa mumewe: "Mama, nisamehe." Kumbe marehemu hakupanda meli.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 5 adhaniwe kuwa amefariki, nami nimemrudisha bwana huyu mwaka wa sita akiomba radhi (nakiri ninampenda kuliko anavyostahili). Nikiionyesha tiketi mapema, taharuki inapungua. Nikiichelewesha hadi mwisho, mama mkwe, ambaye ndiye anayekibeba kisa, anaonekana mkatili asiye na sababu. Je, ninyi mngeifichua wapi? Na mjane akimrudia mumewe, mtamwamini?