Ushauri wakuu: kompyuta ya steshenari inaamkia mwaka 2009 kila siku. Niitengeneze au niachane nayo?

mama_rimu:
Wakuu habari za jioni.

Nina kasteshenari kangu Mbagala, Rangi Tatu. Fotokopi, kuchapa, paspoti saizi, na msimu ukifika vijana wanakuja kujaza maombi ya mkopo HESLB na ya ajira. Kazi yote inabebwa na kompyuta moja ya mezani, Core 2 Duo, Windows 7. Niliipata ikiwa mtumba na imenilipia ada za watoto, siwezi kuitukana.

Ila sasa imeanza visa. Asubuhi nikiwasha inapiga mlio, inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, haiendelei mpaka nibonyeze F1. Ikishawaka tarehe ni Januari 2009. Nikifungua tovuti naambiwa si salama, na mteja kasimama dirishani ananiangalia. Nikirekebisha tarehe kwa mkono zinafunguka, ila nyingine zinakuja nusunusu, kitufe cha kutuma hakionekani kabisa.

Halafu uzito. Nikiwasha nafagia, napanga rimu, namlipa muuza chai, bado kale kaduara kanazunguka. Fundi akasema tatizo RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, nikanunua, akaweka zikawa GB 4. Kompyuta inasema zinazotumika ni 3.2 na ushee. Nimemuuliza iliyobaki iko wapi, anacheka tu.

Na jua likiwa kali mchana inajizima yenyewe. Si umeme, maana taa inakuwa inawaka.

Fundi mwingine Kariakoo anataka tubadilishe mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, laki mbili na nusu. Jirani anasema niipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Shida ni printa yangu, leza ya zamani, ile ya waya mpana wenye pini nyingi. Haijawahi kunisumbua, na kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuichomeka.

Nifanyeje? Nawasilisha.

kijana_wa_temeke:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee na karanga zangu.

chuma_ulaya:
Core 2 Duo mpaka leo? Hiyo ni ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Tafuta i5 mtumba, usahau habari za F1.

fundi_bisibisi:
Wanaosema tupa hawalipi kodi ya fremu. Mama rimu, hapo una matatizo manne, kila moja na dawa yake, na sioni sababu ya mazabodi hata kwenye moja. Kabla ya yote, hamisha kazi zako kwenye flashi au diski ya nje. Leo. Usisubiri fundi.

Tarehe: ni betri. Ndani kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3, ileile ya mizani midogo na rimoti za gari. Hata wale wanaotengeneza saa barabarani wanazo. Nikuulize, usiku unazima soketi ukutani?

mama_rimu:
Nazima kila kitu mkuu. Units zenyewe nanunua kwa mawazo.

fundi_bisibisi:
Basi ndiyo maana. Ikibaki imechomekwa, saa inakula umeme wa ukutani hata ukiwa umeizima. Ukikata soketi inategemea betri, na betri imekufa, kwa hiyo inasahau mwaka. Tovuti nazo zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko 2009 inaviona vyeti vyote ni vya mwaka ambao haujafika, inakataa. Chomoa umeme, toa ya zamani, weka mpya, maandishi yatazame juu. Ukiwasha rekebisha tarehe mara moja, uhifadhi.

Kujizima mchana: joto. Fungua pembeni utazame ile feni iliyo juu ya prosesa. Vumbi la Mbagala likichanganyika na unyevu wa pwani linaganda kwenye yale mabati membamba chini ya feni, hewa haipiti. Tumia brashi laini na blowa, lakini shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Na ile dawa nyeupe au ya kijivu kati ya prosesa na kipozeo itakuwa imekauka, fundi aifute apake nyingine. Fremu yako ina dari?

mama_rimu:
Bati tupu. Na CPU naiweka ndani ya kabati la meza, nyuma pamezibwa.

fundi_bisibisi:
Itoe humo. Kabla hujamlipa mtu wa mazabodi, angalia pia zile kapasita, vipipa vidogo vilivyosimama. Vichwa vikiwa bapa, sawa. Vikiwa vimevimba au vimetoa uchafu wa kahawia, hapo ana hoja kidogo, ila hata hizo hubadilishwa mojamoja kwa kuchomelea.

binti_wa_IT:
Kuhusu RAM, fundi hajakuibia, ila alitakiwa akueleze badala ya kucheka. Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4 kwa jumla, na sehemu ya hesabu hiyo inachukuliwa na vifaa vingine kama kadi ya picha. Ndiyo unabaki na 3.2 au 3.3. Bonyeza kulia kwenye Computer, kisha Properties, utaona imeandikwa 32-bit.

Uzito wenyewe naona ni hadidiski. Weka programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, diski inaelekea mwisho. Badala yake weka SSD ya SATA, diski ya kisasa yenye kasi, hata ndogo tu. Kwenye mashine za enzi hiyo haitafika kasi yake yote, lakini utaona tofauti siku hiyohiyo. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo hata ukikosa kishikio chake, gundi ya pande mbili inatosha.

Kariakoo pita maduka kadhaa. Kuna SSD na flashi zinazojitangaza ukubwa zisizokuwa nao. Ipime kwa programu ya H2testw kabla hujahamishia kazi.

chuma_ulaya:
Sawa, SSD, betri, dawa ya joto. Halafu bado uko Windows 7! Zile tovuti za nusunusu hazitapona kwa betri. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023.

binti_wa_IT:
Hapo nakuunga mkono, na kuna kubwa zaidi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mama rimu anaingiza namba za NIDA na nywila za watoto wa watu humo, huku flashi za wateja zinaingia na kutoka mchana kutwa. Mimi nisingekubali kujaziwa fomu yangu hapo.

Mama, gawa kazi. Hiyo ya zamani ibaki na printa yake, ichape tu, itoe intaneti kabisa. Fomu za mtandaoni zifanyie kwenye mashine nyingine. Ukikosa hela kwa sasa, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Inataka angalau GB 2 za RAM, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Humohumo jaribu kuchapa ukurasa mmoja. Printa ikikubali, hujanunua kitu.

chuma_ulaya:
Na ukienda kununua, angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama. Muuzaji akikuonyesha i5 ya kizazi cha 4 ina Windows 11, jua imelazimishwa. Hapo bei iteremke.

mzee_wa_tabata:
Nyongeza. Kama una UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, printa ya leza isichomekwe humo. Inavuta umeme mwingi kwa mkupuo ikianza kupasha joto. UPS ni ya CPU na monita tu. Na monita yenyewe isiwe ile ya chogo, units zako zitaisha.

mama_rimu:
Asanteni sana wakuu. Mrejesho: betri nimeweka, leo asubuhi imewaka bila F1 na tarehe ni ya leo. CPU iko juu ya meza, kijana wa simu hapa jirani ameifungua, vumbi tulilotoa limetusababishia kupiga chafya wote wawili. Vipipa vyote bapa. Wa mazabodi nimemwambia asubiri. Jumamosi nafuata SSD, na hiyo Mint mwanangu atanitengenezea flashi. Mpaka tuijaribu, wa HESLB wanajaza kwenye simu zao wenyewe, mimi nasaidia na kuchapa.

kijana_wa_temeke:
Mama, zile RAM za zamani alizotoa fundi bado unazo? Kama ni DDR3 nazihitaji.

mama_rimu:
Alibaki nazo yeye. Kumbe zina soko?

kijana_wa_temeke:
Mfuate leo leo.