Dereva kasababisha ajali anajitetea kwa uhuru wa dini, hii imekaaje?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu habari zenu. Kuna dereva tunafanya naye kazi, mtu mzuri tu hana makuu, alikuwa anahudhuria mkesha wa maombi usiku mfululizo halafu asubuhi anakuja kushika usukani. Tulimwambia kaka nenda kalale kwanza, akajibu aliyemlinda usiku atamlinda na mchana. Basi kasinzia, gari likatoka barabarani, abiria wawili wameumia na mmoja bado yuko wodini. Kashtakiwa kwa uendeshaji wa hatari, kazini wamemsimamisha, na yeye kila anapokaa anasema anateswa kwa ajili ya imani, eti mkesha ni ibada na ibada ni haki ya kikatiba. Wenzake wa maombi wanamchangia hadi hela ya wakili. Mimi sheria sijasoma, hii hoja ina mashiko kweli?

Kifungu_18:
Haina. Kwani kashtakiwa kwa kukesha? Kashtakiwa kwa alichofanya barabarani. Soma Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 18. Kuamini moyoni hakuna wa kukugusa, ila kuidhihirisha imani kwa vitendo sheria inaweza kuweka mipaka pale inapobidi, kulinda usalama wa umma, afya, au haki za watu wengine. Abiria ndio hao watu wengine.
Halafu huo utetezi wenyewe unamchimbia kaburi. Kwenye kesi ya namna hii upande wa mashtaka utahangaika kuonyesha kwamba aliijua hatari na bado akaenda nayo. Yeye anasimama mwenyewe anasema ndiyo sikulala, ndiyo niliambiwa, ila nilikuwa na imani. Kawamalizia kazi.

mama_hoja:
Taratibu jamani, hilo neno "usalama wa umma" limeshatumika vibaya sana. Kule Hialeah, Florida, mji ulitunga sheria ndogo za kuzuia kuchinja wanyama kwa ajili ya kafara, ukisoma juu juu ni afya na huruma kwa wanyama, kumbe walengwa ni waumini wa Santeria peke yao, dini yenye asili ya Afrika iliyokulia Cuba, maana uchinjaji mwingine waliuacha. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ikazitupa, majaji wote tisa. Kwa hiyo sio kila anayelia anaonewa kwa dini ni msanii.

Kifungu_18:
@mama_hoja hapo nakuunga mkono, ila angalia tofauti. Sheria ya Hialeah iliwawinda waumini. Sheria ya uendeshaji inamkamata hata aliyekesha baa.

Chuma_cha_Pua:
Mbona Masingasinga Uingereza wanaendesha pikipiki bila helmeti kwa sababu ya kilemba, na ni dini hiyohiyo? 😂

mama_hoja:
Kwa sababu bunge lao liliwapa msamaha kwa sheria ya 1976, wakaujadili kwanza. Na kichwa kinachopasuka ni cha mwenye kilemba. Huyu dereva msamaha kajipa mwenyewe baada ya ajali, kwa vichwa vya wengine.

Mtu_wa_Mwisho:
Mimi kinachoniuma ni wasiochagua. Mwaka 1944 kule Marekani, kwenye kesi ya Prince dhidi ya Massachusetts, mahakama ilisema mzazi ana hiari ya kujitoa mhanga kwa ajili ya imani yake mwenyewe, lakini hana ruhusa ya kumtoa mhanga mtoto kabla hajafika umri wa kujiamulia. Na kesi ilikuwa ya binti kugawa magazeti ya dini mtaani tu, wala hakuna aliyekufa. Shakahola, Kenya, 2023, kule waumini walikofunga hadi kufa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 na wengi walikuwa watoto, uliza hao nani aliwauliza. Abiria wa gari nao walipanda wakidhani wamepata dereva aliyelala usiku.

Zamu_ya_Usiku:
Nimewaelewa. Sasa mtu kama huyu ashauriweje? Maana hasikii na wenzake wanampamba kila siku.

Kifungu_18:
Amsikilize huyo wakili waliyemchangia. Mkesha anaweza kuutaja kwenye kuomba apunguziwe adhabu, kwamba hakuwa mlevi, alichoka, anajuta. Hakimu anaweza kulipima hilo. Ila akisema Mungu ndiye alikuwa usukani hapo sijui kama kuna wakili wa kumtoa. Na aende wodini akamwone yule abiria, kama hajaenda.