Tupeane uzoefu: nani mwingine mlima Rwenzori ulimnyang'anya hamu ya kula?

Kijana wa Kasese: Jana nimefungua begi la zamani, nikakuta pakiti ya biskuti niliyopanda nayo, haijaguswa. Mnanijua, mimi hata ukoko wa posho (ugali) naugombania. Kambi ya Nyabitaba nilikula vizuri. Kambi ya John Matte nusu sahani. Kufika kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000, mpishi akaleta wali na binyebwa, mchuzi wa karanga, harufu tu ikanikimbiza. Nilikorogakoroga mpaka mchuzi ukafanya utando. Siku 8, kilo 5 zimekwenda, suruali naifunga kwa kamba.

Chapati Mayai: Bujuku hiyo hiyo! Sikumaliza hata yai moja.

Mzee wa Kilembe: Ni tope na baridi, vijana. Mmechoka tu. Msisingizie hewa nyepesi ya huko juu.

Nesi Fort Portal: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Mwaka 1985 Marekani waliwaweka wanaume kwenye chumba wakawapunguzia hewa polepole kwa siku 40, mpaka ikawa kama ya kilele cha Everest. Hakuna tope, hakuna baridi, chakula cha kuchagua. Walipungua zaidi ya kilo 7 kwa wastani. Tumbo hutoa homoni inaitwa grelini, ndiyo inayokugongea mlango wa njaa. Oksijeni ikipungua, mara nyingi nayo hushuka. Ya shibe, leptini, vipimo vinagongana: huku imepanda, kule imeshuka. Na huko juu mwili unachoma zaidi hata ukiwa umelala.

Mzee wa Kilembe: Marahaba. Lakini mimi nimebeba mizigo miaka 20 na nilikula.

Nesi Fort Portal: Ulishauzoea mlima, mzee. Wao wana siku tatu.

Dereva Malaba: Basi shangazi aache vidonge vya kupunguza tumbo, nimpeleke kilele cha Margherita 😂

Chapati Mayai: Atapungua msuli pia. Mimi nilirudi jerikeni ya lita 20 ikanishinda, watoto wa jirani wakacheka.

Mpishi wa Safari: Mnacheka. Mimi tulikuwa kambi ya Elena, mita 4,541. Mteja hakula siku mbili, tukasema ni kawaida, wote hawali. Usiku nasikia kifua chake kinachemka kama chungu cha maharage. Namulika tochi: midomo ya bluu, kitambaa kina povu lenye wekundu. Tukaacha kila kitu, wanne tukamshusha kwenye mawe yanayoteleza, mvua inanyesha. Nilimshika mkanda wa suruali ili asianguke, mkanda wenyewe ulikuwa umelegea matundu matatu. Tulipozidi kushuka, akaanza kujibu akiitwa jina. Asubuhi, chini kabisa, akasema, "Chai ipo?" Nikageuka nyuma ya jiko nikalia.

Dereva Malaba: Halafu? Alipona?

Kijana wa Kasese: Mama, usituache hapo!

Mpishi wa Safari: Alipona. Hospitali walimweka siku kadhaa. Hunitumia salamu kila Krismasi.

Nesi Fort Portal: Hayo yalikuwa maji kwenye mapafu. Mkiona hivyo msingoje kuche, shusheni mtu.

Mwana Kapchorwa: Sisi huku tunazaliwa karibu mita 2,000, posho tunakula kama kawaida. Nyie wa Kampala ni laini.

Chapati Mayai: Mita 2,000 ni ngazi ya kwanza, ndugu. Panda Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, urudi utuambie.

Mwana Kapchorwa: Nimepanda.

Chapati Mayai: Ukala?

Mwana Kapchorwa: ...Chai.

Dereva Malaba: Mimi waragi kidogo kabla ya kula, njaa inakuja yenyewe.

Nesi Fort Portal: Thubutu! Pombe huko inazidisha ugonjwa. Uji wa ulezi na sukari, kidogo kidogo, usingoje njaa.

Mzee wa Kilembe: Supu ya kitunguu saumu.

Chapati Mayai: Mimi nilimeza Diamox, dawa ya ugonjwa wa mlimani, vidole vikawasha, soda ikawa na ladha ya bati. Hamu haikurudi.

Mzee wa Kilembe: Kijana wa Kasese, hizo biskuti ziko wapi?

Kijana wa Kasese: Nimezimaliza nikiwasoma. Zimelainika kidogo.