Usukani wa Cessna 172 una plei: tukaze waya au tutafute ugonjwa?

Rubani wa Jumamosi
Habari zenu wakuu. Nina Cessna 172 ya mwaka 1974, tunaimiliki watu wawili. Siku hizi usukani una plei, yaani unacheza: nauzungusha karibu upana wa kidole kabla eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia) hazijashtuka. Hewani si balaa, ila ndege inatangatanga: narekebisha kushoto, inachelewa, halafu inapitiliza. Mwenzangu anasema waya zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye eleroni zimelegea tu, tukaze mizunguko miwili mitatu yaishe. Boksi la spana keshalileta, mimi nimelikalia. Nani mkweli?

Mwewe
Endelea kulikalia.

Fundi Grisi
Waya uliolegea na kiungo kilicholika vyote vinaleta plei mkononi, ndiyo maana watu wanadanganyika. Ukikaza waya ili kuficha kiungo kibovu, utapata nafuu ya muda. Baada ya hapo usukani unakuwa mzito, puli (vigurudumu vinavyopitisha waya) zinalika upesi, na ule ugonjwa wenyewe uko palepale. Nimeshapokea ndege iliyokazwa hivyo mpaka waya unalia kama gitaa, na bado inacheza.

Fanyeni hivi. Mmoja ashike usukani kwa mikono miwili, usisogee hata kidogo. Mwingine aende kwenye bawa, ashike ukingo wa nyuma wa eleroni pale fimbo yake inapofunga, aupandishe na kuushusha kwa vidole viwili. Polepole, bila nguvu. Waya uliolegea unarudi laini kama springi. Kiungo kilicholika kinagonga: tik, tik. Ukiisikia hiyo tik, fungua kifuniko cha ukaguzi chini ya bawa, uguse maungio moja baada ya jingine wakati mwenzako anaendelea kutikisa. Kidole kitakiona ambacho jicho limekosa. Kisha geuzeni: eleroni zote mbili zishikwe, wewe ulale chali chini ya dashibodi na tochi, uangalie maungio ya usukani wenyewe.

Mkiwa humo, kila puli ichoreni mstari wa chaki, halafu zungusheni usukani. Mstari usiposogea, puli imeganda na waya unaisugua tu. Waya nao upitishieni kitambaa, si kiganja. Kwa kawaida ni nyuzi 7, kila moja ina nyaya 19, jumla 133, na ukikatika mmoja tu unachoma kama mwiba.

Mkazo wa waya ni jambo la mwisho, tena kwa kipima mkazo na kitabu cha ndege yenyewe, ndege ikiwa imekaa kivulini. Alumini ya mwili hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha waya, kwa hiyo juani waya unakazika wenyewe bila kuguswa na mtu.

Rubani wa Jumamosi
Mzee, shikamoo. Tik tumeipata! Bawa la kulia, pale fimbo ya eleroni inapofungwa kwenye belikranki, ule wenzo wa kona unaovutwa na waya. Bolti inang'aa upande mmoja na pembeni yake kuna vumbi la rangi ya kutu, ingawa kutu yenyewe siioni. Na puli moja chini ya sakafu, chaki haikusogea kabisa. Sasa mwenzangu anauliza kama bolti ya unene uleule kutoka duka la vifaa vya ujenzi itafaa.

Mwewe
Mwenzako huyo ana bima ya maisha?

Fundi Grisi
Marahaba. Hilo vumbi ni chuma kinachosagana na chuma. Bolti ya ujenzi hapana, hata kwa kujaribu. Tena bolti mpya peke yake haitasaidia ikiwa tundu limekuwa yai. Toeni bolti na bushi (kibomba ambacho bolti hupita ndani yake), zipimwe kwa mikromita, zilinganishwe na kitabu. Mara nyingi vinabadilishwa vyote viwili. Na kwa kuwa kiungo hicho kinazunguka, nati iwe ya taji yenye spliti pini, kile kipini kinachoizuia isijifungue. Nati ya nailoni peke yake hapo haikubaliki. Kazi asaini fundi mwenye leseni, na mtu wa pili akague upya.

Mkia Juu
Naongeza dogo. Mkaguapo, shikeni na trimu ya eleveta, kile kibao kidogo cha nyuma kwenye mkia. Plei pale ni mbaya kuliko ya usukani, maana kwa mwendo mkubwa inaweza kuanza kupigapiga yenyewe na kuung'oa mkia. Kitabu kina kipimo chake, msikadirie kwa macho.

Rubani wa Jumamosi
Ndege iko chini, tunasubiri bushi. Puli iliyoganda je, niipige mafuta?

Fundi Grisi
Hapana. Beringi yake imefungwa, mafuta hayaingii ndani, yatabaki nje yanaita vumbi. Badilisheni puli. Na waya uliokuwa unapita juu yake uvueni, muukunje kidogo kwa mkono mahali palepale, mtazame katikati ya nyuzi. Unaweza kuwa mzima nje na umekatika ndani. Mkimaliza kufunga, kaa kitini, shika usukani dole gumba zikiangalia juu, ugeuze: zinakoelekea dole gumba ndiko eleroni inapaswa kupanda. Ikipanda ya upande mwingine, waya zimefungwa kinyume, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa chini.

Rubani wa Jumamosi
Nimemsomea mwenzangu. Amelichukua boksi lake la spana, amelirudisha kwenye gari.