Mjamzito wa wiki 18 aliyekeketwa na kushonwa, kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Dadaab, Kenya: nimshauri vipi?

Mhudumu_Dadaab: Wadau, ni mama Msomali, mimba ya kwanza. Mkojo humtoka kwa matone. Mama mkwe anataka afunguliwe paliposhonwa siku ya kujifungua tu, kisha ashonwe tena. Nimweleze nini bila kumtisha?

MkungaGarissa: Dada, wiki 18 ni wakati mzuri. Shirika la Afya Duniani linakubali kufungua wakati wa ujauzito au wa uchungu, lakini kama mkunga mzoefu hapatikani usiku, msingoje uchungu. Tundu likiwa dogo, mkunga hawezi kupima mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, wala kupitisha mpira wa mkojo. Kovu nalo halivutiki. Kichwa cha mtoto kikishuka, mama huchanika vibaya, pengine hadi njia ya haja kubwa.

Mweleze kazi yenyewe. Anachomwa sindano ya ganzi. Mkunga anaingiza kidole chini ya kovu kukinga nyama ya ndani, anakata katikati kuelekea juu, na kusimama tundu la mkojo linapoonekana. Hapandi zaidi, kwa sababu huenda kisimi kimefunikwa hapo na damu itatoka nyingi. Kila ukingo hushonwa peke yake kwa uzi unaoyeyuka. Ukingo usiposhonwa, pande mbili hushikana upya.

Nesi_Halima: Na umwambie mapema kuhusu mkojo! Utatoka kwa kasi na kwa sauti asiyoizoea. Wengi hulia wakidhani wameharibiwa. Utachonyota mwanzoni, basi ajimwagie maji vuguvugu anapokojoa. Tendo la ndoa lisubiri wiki 4 hadi 6. Homa, usaha au damu isiyokoma, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Mhudumu_Dadaab: Asanteni. Na mama mkwe?

MkungaGarissa: Kwanza zungumza na mama mjamzito peke yake, mkalimani awe mwanamke asiye wa ukoo huo. Akiridhia, mwite mume, kisha mama mkwe, uwaonyeshe mchoro wa kabla na baada. Semeni wazi sasa, si baada ya kujifungua, kwamba hatashonwa tena: Shirika la Afya Duniani linapinga jambo hilo. Mtoto akiwa wa kike, wajue sheria ya Kenya ya 2011: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kumvusha mpaka wa nchi ili akakeketwe ni kosa vilevile. Ukihofia mtoto yeyote, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.