Bodi ya pinboli ya kujiundia: koili 8, volti 48. Shaba iwe pana kiasi gani?

MchoraSaketi, Wete

Assalaam alaykum nyote.

Naunda mashine ya pinboli. Kwa asiyeijua: ni meza ya mteremko yenye kioo juu, mpira wa chuma unateremka, na mchezaji anaurudisha juu kwa mikono miwili inayovutwa na sumaku ya umeme. Mikono hiyo wenyewe wanaiita flipa, na mie nitaiita hivyo hivyo.

Kazi ya mbao imekwisha. Seremala wa hapa Wete kaliunda boksi kwa mfenesi, na uwanja wa ndani ni plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 51, urefu 107, karibu sawa na mashine za kiwandani za Chicago. Mteremko digrii 6.5. Mpira ni wa kipimo chake halisi, milimita 27, gramu 80, na ukiuachia kutoka juu unausikia mpaka chumba cha pili.

Koili, yaani waya uliosukwa kuwa sumaku ya umeme, sikuagiza nje. Michoro ya Kimarekani inataka waya wa geji 23, ambao ni milimita 0.57. Waya wa geji 24 ya Kiingereza, huu wanaosukia mota za pampu za maji, ni milimita 0.56. Nikampelekea msuka mota wetu, akanisukia mizunguko 800 kwa kila flipa, safu juu ya safu, hakuna waya uliopanda juu ya mwenzake. Nimepima, zote mbili zinacheza kwenye omu 4. Nimefurahi mno na kazi yake.

Sasa nimefika kwenye bodi ya saketi, ile ambayo njia zake za umeme ni za shaba. Nna Arduino Mega, kompyuta ndogo ya kuongoza koili na swichi, nna KiCad, programu ya kuchorea bodi, kwenye laptopu, na mchoro wa saketi nimeshaumaliza: flipa 2, kombeo 2 za pembeni za kuurusha mpira, bampa 3 za kuusukuma ukizigusa, na koili moja ya kurudisha mpira mwanzo. Swichi 24. Pawa saplai ni ya volti 48, ampea 10. Mosfeti, yaani swichi za kielektroniki za kuwasha koili, nilizozipata kwa urahisi ni IRF540N.

Kinachonikwamisha ni hesabu. Volti 48 kwa omu 4 ni ampea 12, yaani wati 576 kwa koili moja. Jedwali la upana wa shaba linasema kwa ampea 10 tu, shaba ya kawaida ya maikromita 35, joto lisipande zaidi ya digrii 10, njia iwe na upana wa milimita 7 hivi. Mara koili nane, mara kwenda na kurudi, bodi yangu ya sentimita 10 kwa 10 haitoshi hata nusu. Je, niongeze ukubwa wa bodi, au naisoma hesabu kwa jicho la woga kupita kiasi? Na swichi nizipange kwa safu na nguzo kama mashine za kiwandani, au kila moja na waya wake?

Bodi za tayari za pinboli zipo, najua. Sizitaki. Nafundisha fizikia sekondari, na wanafunzi wangu wanaisoma sumaku ya umeme kwa chaki. Nataka wafungue mlango wa boksi waone kila kipande kinafanya nini, wakifuate kwa kidole kutoka kitufe mpaka koili. Kisha Idd el-Hajj, inshaallah, tuipeleke Chake, Tibirinzi, watoto wacheze.

BintChake

Hongera mwalimu. Mie umeme siujui, nna neno moja tu kabla hujaifikisha Tibirinzi: wazee watakuuliza kama hii si kamari. Jibu uwe nalo mapema.

MchoraSaketi, Wete

Dada yangu, swali lako ni la haki, na limeulizwa kwengine kabla yetu. Mji wa New York uliipiga marufuku pinboli tangu miaka ya 1940 mpaka 1976, kwa hoja hiyo hiyo kwamba ni mchezo wa bahati. Mwaka 1976 mchezaji mmoja, Roger Sharpe, aliucheza mbele ya baraza la mji, akataja mpira utapita wapi kabla ya kuupiga, na ukapita. Zile za zamani hazikuwa na flipa. Flipa zimeingia 1947, na tangu hapo mkono wa mtu ndio unaoamua. Mashine yangu haipokei sarafu wala haitoi zawadi. Mtoto anapata alama, basi.

FundiInveta, Darajani

Wa alaykumu salaam mwalimu. Suala la upana wa shaba nitalifikia. Kabla yake nijibu hili: programu ikiganda wakati flipa iko juu, nani ataizima koili?

Wati 576 hazisubiri. Kwanza utasikia harufu ya vanishi, kisha plastiki ya ndani inalainika, chuma kinakwama, na mosfeti inakufa. Mosfeti ikifa mara nyingi hufa kwa shoti, yaani inabaki imewaka, na hapo hata ukiizima Mega koili inaendelea kuungua. Unaipeleka kwa watoto. Kinga isikae kwenye programu peke yake, ikae kwenye bodi.

Mie ningefanya hivi. Kati ya Mega na mosfeti tia chipu ya 74HCT541. Ina njia 8, sawasawa na koili zako, na ina miguu miwili ya ruhusa: ukiivuta chini yote miwili inapitisha, ukiiachia ipande juu kwa rezista ya kwenda volti 5 inafunga njia zote nane kwa pamoja. Miguu hiyo usiifunge moja kwa moja na pini ya Mega. Chukua pini moja, iwe inapanda na kushuka mfululizo. Mapigo yapite kwenye kapasita ndogo na dayodi mbili, yajaze kapasita nyengine, na hiyo ndiyo iwashe transista inayoivuta miguu ya ruhusa. Pini ikiganda, iwe juu au iwe chini, mapigo hayapiti tena, kapasita inaisha chaji, koili zote zinalala. Lakini pini hiyo uipige kutoka ndani ya mzunguko mkuu wa programu. Ukimwachia taima wa Mega, ile saa yake ya ndani, aipige, programu inaweza kufa na taima akaendelea kupiga kama kawaida, na kinga yako haina maana tena.

Kila mguu unaotoka kwenye 541 uwe na rezista ya kilo-omu 10 kwenda graundi (upande wa volti sifuri), na kila geti la mosfeti, ule mguu wa kuiwasha, lake vilevile. Bila ya hizo, zile nukta Mega inapoamka geti linaelea, na koili zitajirusha zenyewe.

IRF540N usizitupe, ila kwa volti 5 hazifunguki sawasawa. Mosfeti hii inataka volti 10 kwenye geti. Ama utafute IRL540N, ndugu yake wa volti 5, ama utie TC4427, chipu ya kusukuma geti, mbele yake na uilishe volti 12. Moja inaendesha mosfeti mbili, kwa hivyo nne zinakutosha.

Sasa shaba. Wewe umeipima kwa ampea 12 za mfululizo, na flipa haivuti ampea 12 mfululizo. Inavuta kwa milisekunde 30 hivi, kisha unaishikilia kwa nguvu ndogo. Upana wa shaba upime kwa fyuzi. Tia fyuzi ya kioo ya ampea 3 yenye herufi T kwa kila flipa. T ni ile inayochelewa, haikatiki kwa mapigo ya kawaida, lakini koili ikikwama itakatika ndani ya sekunde chache. Kwa ampea 3 jedwali lako hilo hilo litakupa milimita 1.4. Chora 3, ulale usingizi. Fyuzi ife kabla ya shaba, hiyo ndiyo kanuni, kwa sababu fyuzi inauzwa kila duka na bodi yako inatoka ng'ambo. Ule mstari mkuu unaokusanya koili zote ndio upanue kadiri nafasi ilivyo, na juu yake lehemu waya mtupu wa shaba wa milimita 1.5 za mraba.

Pawa saplai nayo inanitia wasiwasi. Mtoto akibonyeza flipa zote mbili ni ampea 24, na saplai hizi za kisasa zikizidiwa zinajikata na kuanza upya. Flipa zitalegea wakati ule ule anaozihitaji. Mashine za zamani zilitumia transfoma, daraja la dayodi na kapasita, na transfoma inavumilia mzigo wa kupita. Una msuka mota hodari. Mwambie akusukie transfoma ya VA 500, ya kuingilia volti 230, ya kutolea volti 35, na nyaya za pande mbili zisigusane popote. Volti 35 zikishapita kwenye daraja la KBPC3510 na kapasita zinakuwa 48 hivi. Kapasita iwe maikrofaradi 4700 ya volti 100, maana umeme wa laini ukipanda na hii inapanda nayo. Sambamba nayo tia rezista ya kilo-omu 4.7 ya wati 1, ili baada ya kuzima iishe chaji chini ya dakika mbili na mwanafunzi atakayetia mkono asidhurike.

Saketi_Mbweni

Fundi kamaliza makubwa, mie niongeze ya KiCad. Nimesoma chuo cha KIST, na bodi za kuendesha mota nimechora kadhaa.

Mwalimu, viwanda vya bodi vya China kima cha chini mara nyingi ni bodi 5, na bei yao ya chini inaishia sentimita 10 kwa 10. Kwa hivyo usichore bodi moja ya koili 8. Chora ya koili 4, uitumie mara mbili. Nafasi inatosha, fyuzi zinakaa juu yake, na katika zile tano unabakiwa na tatu za akiba. Siku moja ikiungua unachomoa, unachomeka.

Graundi ndiyo ninayokuomba uishughulikie kwa moyo. Njia ya shaba ya maikromita 35, upana milimita 1, urefu sentimita 10, ina omu 0.05. Kidogo? Zipitishe ampea 12 uone: ni volti 0.6 zimejitokeza ndani ya graundi yenyewe. TC4427 inahesabu chini ya 0.8 kuwa ni sifuri, na wewe umeshakula 0.6 zake. Flipa inapiga, bampa inajirusha, na utakesha ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Marejeo ya koili yawe na zoni yao pana ya shaba, iende moja kwa moja kwenye kapasita kubwa. Graundi ya Mega iwe zoni nyengine. Zikutane sehemu moja tu, karibu na miguu ya mosfeti.

Swichi 24 na koili 8 ni pini 32, na pini moja ya mapigo ya Fundi, na Mega ina pini 54 za dijitali. Usijisumbue na safu na nguzo, ambako kila swichi ingetaka dayodi yake ili mpira usionekane mahali haupo. Kila swichi waya wake. Ila rezista za ndani za Mega ni kilo-omu 20 mpaka 50, dhaifu kwa waya mrefu unaopita karibu na koili. Tia zako za kilo-omu 1 kwenda volti 5, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi.

Viungio visiwe vya skrubu. Meza inatetemeka, skrubu zinalegea. Tafuta vya kubana vya milimita 3.96, vinabeba ampea 7 kwa mguu; vya volti 48 tumia miguu miwili miwili. Na kwa hewa yetu ya chumvi, bodi ikishajaribiwa ipake vanishi pande mbili, viungio na vishikio vya fyuzi ukivifunika kwa tepu kwanza. Vanishi ya msuka mota wako inafaa.

MchoraSaketi, Wete

Mzee wangu Fundi na dada wa Mbweni, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimeifuta ile bodi kubwa na kuanza upya na ya koili 4. Lile la kupima shaba kwa fyuzi nitalifundisha darasani wiki hii, kwa sababu linageuza swali zima. Msuka mota nimeshazungumza naye habari ya transfoma na kakubali, anachongoja ni chuma cha kutoka mota mbovu.

Nimebakiwa na moja. Kushikilia flipa nimepanga asilimia 10 ya nguvu kwa mapigo ya haraka. Nimechora dayodi ya 1N4007 kwa kila koili. Zinatosha?

FundiInveta, Darajani

Kwa bampa na kombeo zinatosha, hizo zinapiga mara moja na kuachia. Kwa flipa hazitoshi. Asilimia 10 ya ampea 12 ni ampea 1.2, koili inakula wati 6 hivi tu, hapo uko salama. Lakini kila mosfeti inapofunga, ampea hizo zinarudi kwa kupitia dayodi, na 1N4007 ni ya ampea 1, tena nzito kufunga. Tia UF5404, ya ampea 3 na ya haraka. Mstari wake wa rangi uelekee upande wa volti 48; ukiugeuza ni shoti.

Na chuma cha mota mbovu hapana. Kile ni cha mduara wenye meno, hakifai transfoma. Atafute UPS kubwa iliyokufa, atoe transfoma yake, aupime ukubwa wa chuma kwanza, aisuke upya pande zote mbili.

Siku ya kuwasha, tia taa ya wati 100, ile ya zamani yenye uzi wa waya ndani, umeme wa upande wa volti 230 upite ndani yake kwanza, koili ukiwa umezichomoa. Ikiwaka mara moja na kufifia, ni kapasita inajaa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Ikififia, toa taa, unganisha koili moja moja ukianza na bampa. Faili lako la KiCad litume hapa kabla hujalipia bodi, nitalitazama mie na dada wa Mbweni.