Ramani inasema bwana iko Rwanda, yeye anasema iko Idjwi

mama_nanasi, Goma
Bandugu nisaidieni. Bwana yangu anachukuaka mananasi Idjwi, kile kisiwa cha Kongo mu ziwa Kivu, analeta huku, na simu zetu tunaonyeshana ku ramani. Tangu jana inamuweka Rwanda kabisa, na duara kubwa ya bluu imefunika mpaka ziwa. Nikipiga inakata, ikishika anasema "niko Idjwi". Nani anadanganya, simu ao bwana?

fundi_birere
Mama tulia, ile duara njo jibu lenyewe. Simu ikikosa GPS inaangalia antene gani imeishika, halafu inachora duara pale antene imesimama. Idjwi ya mashariki inaangalia Rwanda na katikati ni maji tu, hakuna kilima cha kuzuia, basi rezo (mtandao wa simu) ya kule inavuka na ramani inamvusha pamoja nayo. Mu mji antene tatu zikikusikia wanaweza kukupata karibu, lakini huko ni moja tu, na moja inajua umbali na upande hivi basi. Hata huo umbali, kwa GSM, ile rezo ya 2G, unahesabiwa kwa hatua za mita 550 hivi, mwisho kilomita 35. Sasa pima mwenyewe ni maji kiasi gani.

wa_boti
Na achague rezo ya Kongo yeye mwenyewe ndani ya simu!! Mie ile ya ng'ambo ilinikulaka yuniti zote nikiwa sijashuka hata boti

yaya_ndosho
GPS haihitaji rezo, inasikiliza satelaiti tu, ziko kilomita 20,000 hivi juu. Atoke nje, si chini ya migomba, afungue ramani angoje, maana bila intaneti inachelewa, dakika moja mbili ao zaidi. Akiona zile namba mbili za pahali iko akutumie kwa mesaji ya kawaida, ile inapitaka hata pale intaneti imekufa. Wewe angalia namba ya pili: 29.05 hivi ni Idjwi, 29.35 ni Kibuye, mji wa Rwanda.

moto_ya_kati
Na akituma namba za uongo?

fundi_birere
Hiyo si ya antene tena 😂

mama_nanasi, Goma
Mesaji imeingia saa tatu usiku: -2.11, 29.06. Anasema alipanda juu ya jiwe, mkono juu, batri ikiwa asilimia 4. Haya, ni Idjwi. Ila duara bado iko Rwanda, na mananasi sijayaona.